Nani Arudie? Historia ya Makosa na Migongano katika Mitandao ya Kompyuta

Kosa la mtandao huanza na jambo dogo sana: biti iliyotumwa ikiwa sifuri hufika ikiwa moja. Vyanzo vyake ni vya kimaumbile na havimaliziki. Radi hupiga karibu na waya, joto hutikisa elektroni ndani ya shaba, mota ya lifti huwashwa ghorofa ya chini, wimbi la redio hugonga ukuta na kurudi likachanganyika na lile linalolifuata. Mgongano ni hasara ya namna nyingine: ishara mbili, kila moja ikiwa nzima, huingia njia moja kwa wakati mmoja na kuharibiana. Kwa mpokeaji matokeo ni yaleyale, rundo la biti zisizoaminika. Tangu enzi ya telegrafu, wahandisi wameumizwa vichwa na maswali yanayokwenda pamoja: nani aligundue kosa, nani arudie ujumbe, na gharama ya kurudia imwangukie nani.

Telegrafu na nukta moja ya ziada, 1879–1945

Mwaka 1879 kebo ya kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha ikaendelea Msumbiji na Durban. Makarani wa nyaya za aina hiyo, popote zilipokuwa, walikuwa na kinga nyepesi dhidi ya makosa. Kichwani mwa kila ujumbe iliandikwa idadi ya maneno. Anayepokea alihesabu, na hesabu ikikataa aliuliza. Tarakimu, ambazo haziwezi kukisiwa kutokana na maneno ya jirani, zilirudiwa mwishoni. Utaratibu huo ulimnasa karani aliyeruka neno. Haukumnasa aliyeandika neno jingine mahali pake.

Ubaya wa pengo hilo ulionekana Marekani mwaka 1887. Mfanyabiashara wa sufu wa Philadelphia alimpelekea wakala wake telegramu ya maneno ya siri, kama ilivyokuwa desturi ya biashara. Neno moja, “bay”, lilikuwa na maana kwamba mwenyewe amekwisha kununua. Njiani iliongezeka nukta moja. Katika Morse herufi A ni nukta na kistari, na U ni nukta mbili na kistari, hivyo wakala akasoma “buy”, yaani “nunua”, akanunua sufu nyingi na kumletea tajiri wake hasara ya zaidi ya dola 20,000. Kesi dhidi ya kampuni ya telegrafu ya Western Union ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyoamua mwaka 1894 kwamba mlalamikaji anastahili kurudishiwa nauli ya telegramu tu, dola 1.15. Nyuma ya fomu ilielezwa kuwa anayetaka ujumbe wake urudishwe na kulinganishwa alipie nusu ya nauli zaidi, naye hakulipia. Mzigo wa kukagua ulikuwa umewekwa mabegani mwa mtumaji, na mahakama ikauacha palepale.

Wafanyabiashara walijifunza kujilinda wenyewe. Vitabu vya msimbo vya mwanzoni mwa karne ya 20 vilitungwa kwa namna ambayo maneno mawili yoyote yanatofautiana kwa herufi mbili au zaidi. Herufi moja ikiharibika, hutokea neno lisilokuwemo kitabuni, na msomaji anajua papo hapo kuwa kuna kasoro. Bila kutumia hesabu ngumu, watunzi hao walikuwa wamegusa kanuni inayobeba fani yote iliyofuata: ukitaka makosa yajulikane, acha nafasi tupu kati ya ujumbe halali mmoja na mwingine.

Katika miaka ya 1940 mhandisi Mholanzi, van Duuren, aliikabidhi kanuni hiyo kwa mashine. Katika simu za maandishi za redio aliipa kila herufi alama saba, tatu za aina moja na nne za aina nyingine. Mpangilio wa namna hiyo hutoa michanganyiko 35, inayotosha alfabeti na nyongeza chache. Mashine pokezi ilihesabu: zisipotimia tatu, herufi ilikataliwa na ombi la kurudiwa likarudi lenyewe hewani bila mkono wa karani. Hapo ndipo kurudia kulipoacha kuwa huduma ya kulipiwa na kuwa sehemu ya mashine yenyewe.

Wikendi za Hamming, 1947–1961

Richard Hamming, mwanahisabati wa maabara za Bell, alikuwa akipewa kompyuta ya rilei mwishoni mwa juma, wakati hakuna wahudumu. Mashine ile ilijua kujikagua. Siku za kazi, ikikuta kosa ilisimama na kuwasha taa ili mhudumu arekebishe. Wikendi, ikiwa peke yake, iliiacha kazi yenye kosa na kuanza inayofuata. Zaidi ya mara moja Hamming alirudi Jumatatu akakuta hesabu zake zimetupwa kando. Hasira yake ilizaa swali zuri: mashine inayoweza kujua kuwa kuna kosa, kwa nini isijue lilipo na kulirekebisha?

Jibu lake linavutia kwa wepesi wake. Biti nne za habari huongezewa biti tatu za ukaguzi. Kila biti ya ukaguzi hulinda kundi lake, na makundi yamepangwa yakiingiliana. Mpokeaji hufanya majaribio matatu, kila moja likiwa na jibu la ndiyo au hapana, na majibu matatu hutoa hali nane. Hali moja inasema kila kitu ni sawa. Saba zilizobaki zinataja nafasi saba ambamo kosa linaweza kuwa. Biti iliyotajwa hugeuzwa, na ujumbe unakuwa mzima bila mtumaji kuulizwa. Claude Shannon aliutaja msimbo huo katika makala yake kuu ya mwaka 1948, iliyothibitisha kwamba hata njia yenye kelele inaweza kupitisha habari kwa usahihi wa kiwango chochote kinachotakiwa, ilimradi kasi isivuke kikomo cha njia hiyo. Makala ya Hamming mwenyewe ilichelewa hadi 1950 kwa sababu ya taratibu za hataza.

Hata hivyo, mitandao ya kwanza ya kompyuta haikuufuata msimbo wa Hamming. Kwenye waya wa simu makosa hayaji mojamoja. Huja kwa mafungu, kwa kuwa radi au swichi ya mitambo huharibu biti kadhaa zinazofuatana. Silaha iliyofaa ilitoka kwa W. Wesley Peterson, aliyechapisha pamoja na D. T. Brown makala ya mwaka 1961 kuhusu ukaguzi unaojulikana leo kwa herufi CRC. Ujumbe mzima huchukuliwa kama namba moja ndefu, hugawanywa kwa kigawanyo ambacho pande zote mbili zinakijua, na baki huambatanishwa mwishoni. Mpokeaji hugawanya tena. Baki zikitofautiana, ujumbe umeharibika. Hesabu ni ya aina ya pekee isiyobeba mkononi wala kukopa, kwa hiyo sakiti ndogo inaifanya biti zikiwa bado zinapita. Baki ya biti 16 hunasa kila fungu la makosa lisilozidi biti 16, na mafungu marefu zaidi huponyoka takriban mara moja katika 65,536. CRC haisahihishi kitu. Inajua kukataa tu, lakini inakataa kwa uhakika mkubwa na kwa gharama ndogo, na kwa mitandao iliyokuwa inakuja hilo lilitosha.

ARPANET na adabu ya kunyamaza, 1969

Mtandao wa ARPANET wa Marekani, uliopitisha herufi zake za kwanza kati ya Los Angeles na Menlo Park tarehe 29 Oktoba 1969, uliwekewa katika kila kituo mashine ndogo, iliyoitwa IMP, ya kupokea na kupeleka pakiti, yaani vipande vya ujumbe. Kwenye nyaya za kukodi za kilobiti 50 kwa sekunde, kila pakiti ilisafiri na baki ya biti 24 iliyokokotolewa na maunzi. Pakiti ikifika salama, IMP pokezi ilirudisha stakabadhi. Ikifika imeharibika, haikusema lolote.

Kunyamaza huko kulikuwa uamuzi wenye busara, tofauti na mashine za van Duuren. Pakiti iliyoharibika huenda imeharibika hata kwenye jina la aliyeituma, na kumjibu kwa kukisia ni kuongeza vurugu. Zaidi ya hapo, pakiti iliyoharibika na iliyopotea kabisa hutibiwa kwa dawa moja: mtumaji anayo nakala, anayo saa, na muda ukipita bila stakabadhi anatuma tena. Nakala haifutwi mpaka stakabadhi ifike. Karibu kila kilichojengwa baadaye kilirithi adabu hiyo.

Visiwa vya Hawaii, 1968–1972

Mgongano kama tatizo la kompyuta ulizaliwa katikati ya Bahari ya Pasifiki. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa karibu na Honolulu na matawi yaliyosambaa kwenye visiwa. Laini za simu zilikuwa ghali na hazikuaminika. Norman Abramson na wenzake, akiwemo Frank Kuo, walianza mwaka 1968 kutafuta njia ya redio, na mfumo wao, ALOHA, ukaanza kazi Juni 1971.

Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta huandika mstari, huwaza, huandika tena. Sehemu kubwa ya muda hatumi chochote, na kumtengea masafa yake peke yake ni kuyaacha yakae bure. Abramson aliwapa wote masafa mamoja ya kutumia, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, pamoja na ruhusa ambayo wahandisi wa simu wangeiona wazimu: kila mmoja atume wakati wowote anapotaka. Pakiti ilikuwa na biti 704, kati yake 32 za ukaguzi: 16 kulinda kichwa na 16 kulinda habari. Pakiti mbili zikigongana, ukaguzi ulizikataa zote, stakabadhi haikurudi, na kila mtumaji alisubiri kwa muda wa bahati nasibu kabla ya kujaribu tena. Bahati nasibu ndiyo iliyokuwa na maana. Kama wote wangesubiri muda uleule, wangegongana milele.

Hivyo mgongano uligeuzwa kuwa kosa la kawaida na kupewa dawa ya kosa la kawaida. Katika historia hii yote hakuna wazo lililorahisisha mambo kama hilo, na halikutokea mahali penye ujuzi haba: Peterson wa CRC alikuwa amehamia chuo hichohicho tangu 1964.

Bei yake ilikokotolewa mapema. Pakiti inayotumwa huharibiwa na nyingine yoyote iliyoanza muda mfupi kabla yake au itakayoanza kabla haijaisha, yaani iko hatarini kwa muda mara mbili ya urefu wake. Kutokana na hapo, njia haiwezi kupitisha kwa mafanikio zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza wakati ugawanywe vipande na kila pakiti ianze mwanzoni mwa kipande. Muda wa hatari ukapungua nusu na kiwango kikapanda hadi asilimia 37 hivi. Kulikuwa na jambo la kutisha zaidi ya udogo wa asilimia. Mzigo ukizidi, migongano huongezeka, migongano huzaa marudio, marudio huongeza mzigo, na mwisho njia hujaa pakiti bila hata moja kufika. Hatari hiyo itarudi mbeleni katika simulizi hii, mahali pengine na kwa ukubwa mwingine.

Sikiliza kwanza: Ethernet, 1972–1988

Mwaka 1972 Robert Metcalfe, kijana aliyekuwa akihangaika na tasnifu yake ya uzamivu iliyokataliwa na Harvard, alisoma makala ya Abramson. Hakuridhika na hesabu zake, kwa sababu zilidhania watumiaji wanaoendelea kuandika hata pale wasipojibiwa. Alizirekebisha, akaziingiza kwenye tasnifu, ikapita. Wakati huo alikuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, Palo Alto, akitakiwa kuunganisha kompyuta nyingi ndani ya jengo moja. Waraka wake wa tarehe 22 Mei 1973 ulieleza kebo moja inayopita kila chumba, na kompyuta zote zikiwa zimeigusa. Akiwa na David Boggs aliifanya ifanye kazi kabla ya mwaka kuisha, kwa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde.

Kebo ndani ya jengo ilitoa nafasi ambayo redio za Hawaii hazikuwa nayo: kila kituo kinamsikia mwenzake karibu papo hapo. Kwa hiyo Ethernet ilifuata mwenendo wa watu wastaarabu barazani. Anayetaka kusema husikiliza kwanza. Mwingine akiwa anasema, hungoja amalize. Watu wawili wakianza pamoja, wote husikia, wote hunyamaza, na kila mmoja hungoja kidogo. Kituo cha Ethernet kiliendelea kusikiliza kebo hata kikiwa chenyewe kinatuma, na kilipoona umeme wa kebo haulingani na ule kiliouweka, kilijua kuna mgongano, kikaongeza kelele fupi ili kila mmoja aujue, kikaacha. Muda uliopotea ukawa sehemu ndogo tu ya pakiti.

Muda wa kungoja ulipangwa kwa ustadi. Baada ya mgongano wa kwanza kituo huchagua kwa bahati nasibu kungoja vipande 0 au 1 vya muda. Baada ya wa pili, kati ya 0 na 3. Baada ya wa tatu, kati ya 0 na 7. Na hivyo wigo huongezeka maradufu hadi 0 na 1,023. Likishindikana jaribio la 16, kituo hukata tamaa na kutoa taarifa. Hakuna kituo kinachojua ni wangapi wanaogombea kebo, lakini idadi ya migongano inakipa kisio. Ile hatari ya Hawaii, marudio kuzaa marudio, ilidhibitiwa kwa kumlazimisha kila mshiriki apunguze haraka kadiri msongamano unavyoongezeka.

Kutoka kwenye mgongano ilitoka pia kanuni ya urefu. Habari ya mgongano lazima imrudie mtumaji kabla hajamaliza kutuma, la sivyo ataondoka akiamini pakiti imefika. Kiwango cha megabiti 10 kilichotolewa mwaka 1980 na kampuni za Digital, Intel na Xerox kilikubali mtandao wa hadi mita 2,500, na kikaweka urefu wa chini kabisa wa baiti 64, yaani biti 512 zinazochukua mikrosekunde 51.2 kutumwa. Kila fremu, yaani pakiti ya Ethernet, ilibeba CRC ya biti 32. Iliyoharibika ilitupwa bila neno. Kiwango hicho kiliidhinishwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1983 kwa namba 802.3.

Si wote waliokubali. IBM na wafuasi wake waliona aibu kuujenga mtandao juu ya kugongana. Token Ring yao, iliyopata kiwango mwaka 1985, ilizungusha kijiti, na ni mwenye kijiti pekee aliyeruhusiwa kutuma, kama wakimbiaji wa kupokezana. Mgongano haukuwepo, na kila kituo kilijua zamu yake itachelewa kiasi gani. Lakini kijiti kikipotea sharti mtu akitengeneze kipya, vikiwa viwili sharti kimoja kiondolewe, na kazi hizo zilifanya vifaa kuwa ghali. Wapinzani wa Ethernet walirudia mara nyingi ile asilimia 37 kana kwamba ni yake, ilhali ilikuwa ya ALOHA. Vipimo vya Boggs, Jeffrey Mogul na Christopher Kent, vilivyochapishwa mwaka 1988, vilionyesha Ethernet halisi ikibeba mizigo mikubwa kuliko hapo bila kuanguka. Kufikia hapo soko lilikuwa limeshaanza kuchagua.

Makosa ndani ya mashine, 1974–1988

Wakati nyaya zinazidi kulindwa, wengine walikuwa wakiuliza kama ulinzi wa nyaya unatosha. Nchini Ufaransa Louis Pouzin alijenga mtandao wa Cyclades ambamo mtandao wenyewe haukuahidi chochote: pakiti inaweza kupotea au kufika nje ya mpangilio, na ni kompyuta za mwanzo na mwisho zinazopanga na kudai upya. Vinton Cerf na Robert Kahn walilichukua wazo hilo katika makala yao ya Mei 1974 iliyozaa itifaki ya TCP. Kila kipande kilipewa namba za mfuatano, mpokeaji akawa anakiri alichopata, na mtumaji akarudia kisichokiriwa.

Tarehe 27 Oktoba 1980 ARPANET yenyewe ilitoa ushahidi kwamba ulinzi wa nyaya hautoshi. Mashine zake zilipeana taarifa za hali ya njia, kila taarifa ikiwa na namba ya biti sita ya kuonyesha ipi ni mpya. IMP moja yenye kumbukumbu mbovu iliangusha biti: taarifa yenye namba 44 (101100) ikazaa nakala yenye 40 (101000), na nyingine yenye 8 (001000). Namba hizo huzunguka kama saa, 0 ikifuata 63. Kwa kanuni iliyotumika, 44 ilikuwa mpya kuliko 40, 40 mpya kuliko 8, na 8 mpya kuliko 44. Kila taarifa ilipofika iliishinda iliyotangulia, ikapelekwa kwa majirani wote, ikashindwa na inayofuata, bila kikomo. Mashine zote za mtandao zilijaa kazi ya kupelekeana taarifa tatu, na kwa saa kadhaa hakuna kingine kilichopita. Ilibidi kila IMP iwekewe amri ya dharura ya kukataa taarifa zenye jina la mashine moja.

CRC ya biti 24 haikuwa na hatia. Ilikagua safari ya waya, na safari ya waya ilikuwa salama; kosa lilitokea pakiti ikiwa imepumzika ndani ya kumbukumbu, kabla CRC haijakokotolewa upya. Huko chuo cha MIT likatokea jambo la ukoo huohuo. Mashine ya kuunganisha mitandao ilikuwa ikibadilishana nafasi za baiti mbili takriban mara moja kwa kila baiti milioni moja. Kila kiungo kilikuwa na ukaguzi wake, hivyo hakuna aliyeshuku, na faili za programu zilizopitishwa humo mara kwa mara ziliharibika polepole mpaka wenyewe wakalazimika kuzilinganisha kwa macho na karatasi za zamani. Jerome Saltzer, David Reed na David Clark walikitumia kisa hicho katika makala ya mwaka 1981, ambamo walitetea kwamba ukaguzi wa mwisho ni wa yule anayeihitaji habari. Ukaguzi wa njiani huharakisha kazi, lakini haumwondolei wajibu.

TCP, iliyoandikwa rasmi Septemba 1981, ilibeba jumla ya ukaguzi ya biti 16 kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari. Ni hesabu dhaifu, kujumlisha tu, na maneno mawili ya biti 16 yakibadilishana nafasi haitambui. Ilichaguliwa kwa kuwa kompyuta za wakati ule ziliweza kuifanya haraka. Hata kwa udhaifu wake imefanya kazi kubwa: Jonathan Stone na Craig Partridge walipochunguza mitandao halisi, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, walikuta kati ya pakiti moja katika 1,100 na moja katika 32,000 zikishindwa kipimo cha TCP, ingawa viungo vyote vya njiani vilikuwa na CRC zake. Mashine na programu zilikuwa zikikosea zaidi kuliko nyaya.

Oktoba 1986 ile hatari ya Hawaii ilirudi. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho umbali wa mita zisizofika 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Hakuna waya uliokatika. Ruta, yaani mashine zinazounganisha mitandao, zilipojaa zilitupa pakiti, TCP ikadhani ni muda wa kurudia, ikarudia mapema mno, ruta zikajaa zaidi. Van Jacobson aliitibu kwa dawa iliyo jamaa ya ile ya Ethernet: pakiti ikipotea, mtumaji apunguze mwendo na aongeze maradufu muda wa kusubiri, kisha apande tena hatua kwa hatua. Makala yake ilitoka mwaka 1988. Kuanzia hapo upotevu wa pakiti ulisomwa kama habari ya msongamano, tafsiri iliyookoa intaneti na kuziumiza njia za redio, ambako pakiti hupotea kwa kelele hata barabara ikiwa tupu. Afrika Mashariki iliihisi kasoro hiyo kwa miaka mingi. Kabla ya mikongo ya baharini, njia yake ya nje ilikuwa setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu, ambako swali na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde, na kila pakiti iliyoharibika angani ilimfanya mtumaji apunguze mwendo bila sababu.

Mgongano waondoka kwenye waya, 1990–2002

Mwisho wa migongano ya Ethernet haukuletwa na kanuni bora za kugongana. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana iliuza swichi ya kwanza ya Ethernet, kifaa kinachosoma anwani ya fremu na kuipeleka kwa mlango husika pekee, huku fremu nyingine zikingoja kwenye kumbukumbu. Waya wa kila kompyuta ukawa na watu wawili tu, yeye na swichi. Kiwango cha mwaka 1997 kiliwaruhusu wawili hao kutuma kwa pamoja kwenye jozi tofauti za nyaya, na hapo hakuna cha kugongana. Ethernet ya gigabiti 10, mwaka 2002, iliuacha kabisa utaratibu wa kugundua migongano. Kugombea njia kuligeuka kuwa foleni ndani ya swichi, na foleni ikijaa pakiti hutupwa, kazi ambayo TCP ilikwisha kufundishwa kuishughulikia.

Hewani, 1975–1997

Hewani mambo ni magumu zaidi. Redio inayotuma hujiziba masikio: sauti yake ni kubwa mara nyingi mno kuliko ya jirani, kwa hiyo haiwezi kugundua mgongano jinsi kebo ilivyoweza. Pia kuna tatizo walilolieleza Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock mwaka 1975. Vituo viwili vilivyo pande mbili za kilima havisikiani, lakini vyote vinasikika na kituo kilicho juu yake. Kila kimoja husikiliza, hukuta kimya, hutuma, na mgongano hutokea mahali ambapo hakuna hata kimoja kinachoweza kuujua.

Mwaka 1990 Phil Karn, akiwafikiria waendesha redio wa ridhaa, alipendekeza mtumaji aombe kwanza kwa ujumbe mfupi, na mpokeaji atoe ruhusa itakayosikiwa na wote walio karibu naye, hata wasiomsikia mtumaji. Kiwango cha 802.11 cha mwaka 1997, mzazi wa Wi-Fi, kilikubali mazungumzo hayo kama hiari. Kanuni zake za lazima ni kwamba kituo hungoja kimya kisha huhesabu muda wa bahati nasibu hata kabla ya mgongano wowote, na kila fremu iliyoelekezwa kwa kituo kimoja na kufika salama hujibiwa kwa stakabadhi ya papo hapo. Kwa hiyo Wi-Fi hurudia yenyewe, mara kadhaa, kabla TCP haijajua kuna kilichopotea. Upotevu wa hewani ulifichwa usidhaniwe kuwa msongamano.

Kusahihisha badala ya kurudia, 1960 hadi sasa

Wazo la Hamming lilikuwa limeendelea kukua mahali ambako kurudia hakuwezekani. Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha mwaka 1960 msimbo unaosahihisha alama nzima badala ya biti mojamoja, unaofaa kwa makosa ya mafungu. Ulitumika katika vyombo vya anga vya Voyager na katika sahani za CD. Mwaka 1996 uliwekewa kiwango kwa ajili ya mikongo ya baharini: baiti 239 za habari, 16 za ukaguzi, na hadi baiti nane zilizoharibika zikirekebishwa upande wa pili. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, na EASSy mwaka 2010, usahihishaji wa namna hiyo ulikuwa umeshakuwa kawaida ya njia za mwanga zinazovuka bahari.

Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake walionyesha misimbo ya turbo, iliyokaribia sana kikomo cha Shannon. Wengine wakaikumbuka tasnifu ya Robert Gallager ya mwaka 1960, iliyokuwa na msimbo wenye nguvu karibu sawa lakini mzito mno kwa kompyuta za wakati wake. Msimbo huo, LDPC, uliingia Wi-Fi mwaka 2009 na ndio unaolinda data za 5G. Simu za mkononi zimeunganisha pia njia mbili zilizokuwa zikishindana, kusahihisha na kurudia. Pakiti iliyoharibika haitupwi. Simu huitunza na kuomba nyongeza, mnara hutuma biti nyingine za ukaguzi, na nakala mbili mbovu husomwa pamoja mpaka itoke moja nzima.

Waya nao umerudi kwenye makosa. Ndani ya vituo vya data, Ethernet ya gigabiti 400 husukuma ishara za ngazi nne badala ya mbili, na viungo vyake vinaruhusiwa kukosea biti moja katika kila 4,000 hivi. Kila kundi la alama 514 za habari husafiri na 30 za ukaguzi za Reed–Solomon, na hadi alama 15 hurekebishwa kabla fremu haijafika kwenye CRC ya biti 32, ambayo ni ileile iliyowekwa mwaka 1980, na ambayo bado huitupa bila neno fremu yoyote inayobaki na kasoro.